Ubingwa wa Tiba ya Akili Ufike Sapiwi

Maradhi ya mwili yana bahati moja ambayo maradhi ya akili hayana. Mtu akishikwa na homa, jirani humwambia aende zahanati. Akivunjika mguu, watu humbeba siku ile ile. Lakini kijana aanzapo kusikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, au aanzapo kuamini kwamba ndugu zake wanataka kumwua, watu humtazama, hunong'ona, kisha hungoja. Kungoja huko ndiko tutakakokusema leo.

Ugonjwa mkubwa wa akili, kama ule uitwao skizofrenia, mara nyingi huanza baina ya umri wa miaka 15 na 30. Huo ndio umri wa kujifunza kazi na kujenga nyumba. Katika kata ya Sapiwi, Wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu, huo ndio umri wa nguvu za jembe: kupanda pamba, kupalilia, kuchuma, na kuchunga ng'ombe. Nyumba inayopatwa na msiba huu haipotezi mikono miwili tu; hupoteza pia mikono ya mama au dada, ambaye hana budi kubaki nyumbani kumlinda mgonjwa.

Natuitazame njia anayopita mgonjwa huyo. Usukumani, kama ilivyo penginepo pengi, watu huanza kwa mganga, ambaye Wasukuma humwita nfumu. Sauti zile zaweza kufasiriwa kuwa ni wito wa masamva, yaani mizimu ya wazee, au kuwa ni kazi ya adui. Haifai kuwacheka watu hao. Mganga yu karibu, husema lugha ya nyumbani, na huwapa sababu ya msiba wao. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, Mirembe, iliyofunguliwa mwaka 1927, iko Dodoma, mamia ya kilomita kutoka Bariadi. Hata Bugando, Mwanza, ni safari yenye nauli, chakula na siku za kazi zilizopotea. Basi miezi hupita, na mgonjwa hupelekwa hospitali pale tu anapokuwa amewashinda watu wote.

Hasara ya miezi hiyo imekwisha kupimwa. Uchunguzi mmoja wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2015, uliwafuata wagonjwa 404 waliokuwa wakipata tiba katika vituo 34. Nusu yao walikuwa wamekaa na ugonjwa kwa wiki 74 au zaidi kabla ya kuanza tiba ifaayo. Wagonjwa waliopewa huduma kamili, yaani dawa, mazungumzo, elimu kwa jamaa na msaada wa kurudi shuleni au kazini, walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Na waliofaidika zaidi ni wale waliowahi. Uingereza nayo iliweka lengo mwaka 2016 kwamba angalau nusu ya watu wanaopatwa na ugonjwa huu kwa mara ya kwanza waanze tiba ndani ya wiki mbili tangu kupelekwa kwa wataalamu.

Kwa sababu hiyo yako mafunzo ya pekee ya kazi hii. Katika Marekani, mtu aliyekwisha kupata shahada ya udaktari katika saikolojia ya tiba aweza kuongeza mwaka mmoja au miwili akiwahudumia wagonjwa wapya. Hujifunza kusema na kijana asiyekubali kwamba anaumwa, kuwatuliza wazazi wake, na kufanya kazi bega kwa bega na daktari atoaye dawa. Kwetu, Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha saikolojia ya tiba katika shahada ya uzamili. Wataalamu wake, pamoja na wenzao wa Marekani, walijaribu Muhimbili na Mbeya mpango uitwao KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, ambao humkutanisha mgonjwa na jamaa yake katika vikao vya mafunzo. Hiyo ni mbegu njema.

Lakini yatupasa kuuliza: bingwa wa namna hiyo afundishwe wapi? Akifundishwa katika hospitali kubwa peke yake, ataujua ugonjwa katika mwaka wake wa tano, wala hatauona katika mwezi wake wa kwanza, maana mwezi wa kwanza uko Sapiwi. Kwa hiyo rai yetu ni kwamba sehemu ya mafunzo ya juu ya tiba ya akili ifanyike katika wilaya za vijijini, na kazi ya kwanza ya mwanafunzi huyo iwe kuwafundisha matabibu na wauguzi wa zahanati, walimu, na wahudumu wa afya vijijini kuzitambua dalili za mwanzo. Aketi na waganga pia, wakubaliane kwamba mgonjwa asifungwe minyororo wala asipigwe, na kwamba apelekwe zahanati upesi.

Wako watakaosema kwamba mabingwa ni wachache mno kutawanywa. Uchache wao ndiyo sababu ya kuwafanya walimu. Mapema katika miaka ya 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, tiba ya akili ilipelekwa katika zahanati na vituo vya afya vya mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, nao watumishi wa ngazi ya chini wakafundishwa kuitoa. Lakini mafunzo yasiyo na dawa kabatini ni maneno matupu. Hilo halmashauri zikumbuke zinapopanga fedha.

Nanyi ndugu wafanyakazi mna sehemu yenu. Mwenzenu akianza kujitenga, akikosa usingizi siku nyingi, akisema na asiyeonekana au akiwashuku watu wote bila sababu, msimfanyie mzaha. Mpelekeni kwa tabibu wiki hiyo hiyo. Naye akirudi na nafuu, mpeni tena jembe lake au meza yake, kwa kuwa kazi ni sehemu ya dawa yake.