Transfoma Zikiungana, Kinga Hutoweka

Kote Kenya, kuanzia Ekero huko magharibi hadi pwani, transfoma ya nguzoni hupokea stima ya volti 11,000 au 33,000 na kuishusha hadi 415 na 240 za matumizi ya kawaida. Hiyo hata mtoto anajua haikaribiwi. Isiyoheshimiwa ni ile ndogo iliyobaki ndani ya maikrowevu mbovu, ile inayouzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Hiyo hufanya kazi kinyume: inapokea volti 240 na kuzipandisha hadi 2,000 hivi. Kijana anayetaka kuunda koili ya Tesla, mtambo wa kurusha cheche uliobuniwa na Nikola Tesla mwaka 1891, huanzia hapo, au kwenye transfoma ya mabango ya neoni. Akiona cheche ni fupi, wazo la kwanza ni kuongeza transfoma ya pili, ya tatu, ya nne. Hoja yangu ni kwamba hatari kubwa ya mtambo huo haiko kwenye cheche zinazotisha macho. Iko kwenye maungio ya transfoma zinazoulisha, kwa sababu kila ungio huondoa kinga ambayo mtengenezaji aliiweka makusudi.

Tuanze na ya neoni. Nyingi hutoa volti 15,000, lakini chuma chake kimeundwa kwa namna inayobana mkondo usizidi miliampia 30. Usidanganywe na udogo wa namba hiyo. Kifaa cha kukata stima inayovuja nyumbani hutegeshwa kikate ukifika mkondo huo huo wa miliampia 30, kwa kuwa ukizidi hapo na kuendelea kupita kifuani, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Sasa unganisha nne kwa sambamba. Volti zinabaki 15,000, ila mkondo unafika miliampia 120. Hakuna kilichoharibika wala kupiga shoti. Kila transfoma bado inatii kipimo chake, na bado kinga iliyokuwepo imefutika.

Ya maikrowevu ni mbaya zaidi, na hapa ndipo mafundi wengi hujikwaa. Haibani mkondo kwa kiasi hicho: inaweza kutoa nusu ampia na zaidi, mara kumi na kitu ya ile ya neoni. Isitoshe, ncha moja ya koili yake ya kutolea imefungwa kwenye chuma chenyewe. Ukiziunga mbili kwa mfululizo, vyuma vyake vikiwa vimeshikanishwa katikati na kupelekwa ardhini, unapata volti 4,000 hivi na bado kila koili iko mbali na chuma chake kwa volti 2,000 tu. Ukiongeza ya tatu, chuma chake chote kinasimama kwenye volti elfu mbili au zaidi, huku koili yake ya kuingizia, iliyozungushwa juu ya chuma hicho hicho, ikiwa bado kwenye stima ya nyumba. Karatasi nyembamba inayozitenganisha haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Ikitoboka, volti hizo zinarudi kwenye soketi.

Kuna pia suala la mwelekeo. Stima ya Kenya hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na transfoma zilizoungwa sambamba lazima zipande na kushuka pamoja. Moja ikigeuzwa, zinasukumana, na mkondo unazunguka kati yao hadi zinaungua. Anayejua kazi hapimi jambo hilo kwa nguvu kamili. Huingiza volti chache upande wa juu, ili upande wa chini utoe sehemu ndogo tu ya volti, kisha hulinganisha.

Wapo watakaosema kile kifaa cha nyumbani cha kukata stima inayovuja kitakata. Hakitakata. Kifaa hicho hulinganisha mkondo unaoingia na unaorudi kwenye nyaya zake. Mwili ulioshika waya upande wa pili wa transfoma hauonekani kwake, maana pande zile mbili hazigusani, na kinachoingia kinarudi kilivyo. Wengine husema cheche za Tesla haziui, mbona watu huzishika jukwaani? Cheche za masafa ya juu kweli hazisisimui misuli kama stima ya kawaida, ingawa huunguza. Lakini zikiruka hadi kwenye koili ya kuingizia ya mtambo wa Tesla, zinafungua njia kwa stima ya transfoma, ile ya mara 50 kwa sekunde, ifuate nyuma. Na kapasita, kifaa cha mtambo huo kinachokusanya chaji, inaweza kuihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa.

Pingamizi lenye uzito ni kwamba wahandisi huunganisha mitambo mikubwa kila siku. Ni kweli. Mumias, jirani ya Ekero, kiwanda cha sukari kilizindua mwaka 2009 mtambo wa megawati 34 uliochoma makapi ya miwa na kuuzia gridi ya taifa sehemu ya umeme wake. Kazi kama hiyo hufanywa kwa vipimo na ulinzi wa kila upande, na hata hivyo vilivyounganishwa hubebeshana mizigo. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru. Ilijizima, mashine nyingine zikazidiwa na kujizima pia, megawati zaidi ya 180 zikapotea na nchi ikaingia gizani. Kama gridi yenye walinzi hao wote huanguka hivyo, meza ya mbao yenye nyaya zilizosokotwa kwa koleo ina nini cha kujitetea?

Simwambii mwanafunzi wa chuo cha Sigalagala au Chuo Kikuu cha Masinde Muliro aache udadisi. Kwa transista moja, koili aliyoizungusha mwenyewe na betri ya volti 9, ataona taa ya mrija ikiwaka bila waya kwa kuisogeza tu karibu. Fizikia ni ya jamaa moja na ile ya Tesla, na betri ikitolewa hakuna kapasita iliyobaki na chaji ya kumvizia mtu.