Dar–Zanzibar: kilomita 73 na bei isiyofuata ramani

Ukiweka rula kwenye ramani, kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi ule wa Abeid Amani Karume kule Kisauni, Unguja, ni kilomita kama 73, karibu kaskazini moja kwa moja. Rubani atakutajia maili 39 za baharini. Ndege ndogo aina ya Caravan, yenye mwendo wa kilomita 340 hivi kwa saa, ingezimaliza kwa dakika 13. Lakini ratiba huandika 20 au zaidi.

Dakika zilizobaki zinaliwa wapi? Saa ya shirika la ndege haianzi magurudumu yakiacha ardhi. Huanza ndege ikiondoka maegeshoni, ikasimama ikifika maegesho ya upande wa pili. Katikati kuna kusubiri nyuma ya ndege kubwa, na kuna upepo. Njia ya kurukia ya Zanzibar imelala kaskazini na kusini, na ndege hutua ikiukabili upepo. Msimu wa kaskazi, ndege itokayo Dar huingia moja kwa moja. Kusi likivuma, hulazimika kuupita uwanja, igeuke, itue ikitazama ilikotoka. Manahodha wa majahazi walizijua hesabu hizi zamani.

Kinachowaumiza wenye mashirika ni gharama. Dar–Mwanza ni kama kilomita 850, karibu mara 12 ya Zanzibar, ila usitegemee nauli ya Kisauni kuwa sehemu moja ya kumi na mbili ya ile ya Mwanza. Ada ya kutua, wapakiaji mizigo, matairi na breki haviulizi kilomita. Mafundi huhesabu umri wa injini kwa saa na pia kwa mizunguko: kuruka na kutua mara moja ni mzunguko mmoja, uwe umekwenda ng'ambo ya mkondo au hadi Ziwa Victoria. Mafuta nayo huliwa zaidi ndege ikipanda, na kwenye safari hii ikimaliza kupanda tu, inaanza kushuka.

Faida basi hutafutwa kwenye kujaza viti na kurudia safari mara nyingi kwa siku. Caravan ina viti 12 hivi vya abiria. Viwili vikikaa vitupu, hesabu ya siku inayumba. Ili viti vyote vijae bila ndege kuzidisha uzito, begi lako linawekwa kwenye mizani, mara nyingi mwisho kilo 15, na pengine na wewe mwenyewe unaombwa upande. Mara nyingine abiria mmoja hubahatika kukaa ubavuni mwa rubani.

Mshindani hayuko angani. Boti ya kasi huchukua chini kidogo ya saa mbili, lakini inaondokea katikati ya jiji na kukushusha Malindi, hatua chache kutoka Mji Mkongwe. Anayeruka akitokea Posta ajumlishe foleni ya Barabara ya Nyerere, ukaguzi, kusubiri, kisha teksi kutoka Kisauni. Dakika zake 20 zinakaribia saa tatu.

Kwa mtalii anayeunganisha kutoka Serengeti, au msafiri aliyetua Dar kutoka nje, ndege haina mpinzani. Kwa mkazi wa Kariakoo mwenye begi moja, na bahari ikiwa shwari, boti bado ndiyo inayofika kwanza.