Je, Wajua? Shairi Lililo Safarini Kwenda Mshtarii

Je, wajua kwamba shairi la mwanamke limechongwa kwenye chombo cha anga za juu? Oktoba 2024 NASA ilirusha Europa Clipper, kinachotarajiwa kufika kwenye sayari ya Mshtarii mwaka 2030. Juu ya bamba lake la madini kuna shairi la Ada Limón, kwa mwandiko wake mwenyewe. Limón, aliyezaliwa California mwaka 1976, ndiye mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Kilatino kuwa malenga wa taifa la Marekani (2022 hadi 2025).

Lakini kazi yake nzito zaidi haikwenda angani. Katika diwani yake The Carrying (2018), anaandika juu ya mwanamke aliyetamani mtoto na asijaliwe. Mwanamke huyo hajitetei wala haombi kuhurumiwa. Anashika udongo, anapanda bustani, anatazama miti na wanyama. Bustani hiyo, kwa bahati nzuri, haigeuzwi kuwa mtoto wa kufikirika. Washairi wengi wamemsifu mama. Wachache wamempa nafasi hiyo asiyezaa. Anayetaka kumjua Limón aanzie hapo.