Maabara Inayoanza na Swali

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika na wahisani wetu, maombi mengi ya kusaidia elimu ya sayansi huorodhesha vifaa: bureti, pipeti, mizani, kemikali. Ni haki kuviomba. Lakini kabla ya kuchangia ni vema tuelewe vitatumikaje.

Katika mazoezi ya kemia ya mwaka wa kwanza wa chuo, kwa kawaida mwanafunzi hupewa karatasi yenye hatua zote. Anadondosha asidi mpaka rangi ibadilike, anaandika namba, anakokotoa. Jibu mwalimu analo tayari, na mara nyingi daftari la mwanafunzi wa mwaka jana linalo pia!

Njia ya uchunguzi hugeuza mpangilio huo. Tuchukue magadi, ambayo sisi wa huku mlimani tunayatia kwenye kiburu ili maharage yaive upesi. Mwalimu anaweka mezani magadi ya wauzaji watatu wa hapa Majengo na kuuliza: yapi yana nguvu zaidi? Wanafunzi wenyewe wanaamua wapime gramu ngapi, wayeyushe katika maji kiasi gani, wachuje mchanga au la, warudie mara ngapi. Ndipo wanatia asidi ambayo nguvu yake inajulikana, wakiangalia methili oranji ikiacha njano na kuelekea wekundu. Makundi mawili yakipata majibu tofauti, somo ndipo linapoanza: ni magadi yanayotofautiana, au ni mikono yetu? Mwalimu hakai pembeni. Anahoji, anazuia hatari, anafundisha kanuni inapohitajika.

Swali huzaa lingine. Baadhi ya magadi yana floridi, ambayo ikizidi huharibu meno ya watoto kwa madoa ya kahawia. Kipimo cha asidi hakiwezi kuionyesha. Mwanafunzi anayetambua mpaka wa kipimo chake hawezi tena kudanganywa kirahisi na namba.

Katika fizikia tunaye Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa shule ya Magamba, Lushoto, aliona maziwa yake ya moto yenye sukari yakiganda kabla ya yale ya baridi ya mwenzake. Alipouliza, alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni wa shule, Dk. Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam, ambaye alikubali jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 walichapisha makala pamoja, wakati Mpemba akisoma chuo cha wanyamapori Mweka, hapa juu yetu. Wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo.

Njia hii inakula muda. Zoezi la kipindi kimoja huchukua viwili au vitatu, na darasa likiwa kubwa mhadhiri mmoja hawezi, wanaosita siwalaumu. Bajeti basi iwe na mafunzo ya mwalimu, mshahara wa fundi wa maabara na miwani ya kinga. Magadi yenyewe ni bei ndogo. Ombi likifika kwenye kikao chenu, ulizeni pia ni nani atakayesimama katika maabara hiyo, na kwa saa ngapi kila wiki.