Mtungi wa kuzimia moto si pambo la ukutani

JUMAMOSI moja jioni, jirani yangu wa ghorofa ya pili alikuwa akikaanga mandazi ya kupeleka kwenye harambee ya kanisa siku iliyofuata. Akabishiwa hodi na mtu aliyekuja kuulizia pesa za maji. Wakazungumza kidogo mlangoni, wakacheka, na aliporudi jikoni alikuta karai la mafuta likiwaka kama mwenge.

Alipiga mayowe. Binti anayemsaidia kazi za nyumbani akafanya lile ambalo wengi wetu tungelifanya: alichota maji kwa jagi akayamwaga ndani ya karai. Moto uliruka hadi darini. Mkono wake wa kulia uliungua kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, na pazia la dirisha likashika moto.

Wakati huo mume wa jirani alikuwa amekwisha kuukumbuka mtungi mwekundu ulioning'inia sebuleni tangu siku walipohamia. Akauangua, akavuta pini, akabana kishikio. Mtungi ulitoa sauti kama ya mtu mwenye pumu, unga kidogo ukamdondokea miguuni, basi. Mshale wa kipimo cha presha ulikuwa umelala kwenye rangi nyekundu, na hakuna aliyejua umelala hapo tangu lini.

Aliyewaokoa ni kijana wa mlango wa tatu. Alifunga gesi, akachukua mfuniko wa sufuria kubwa ya sherehe, akaufunika juu ya karai. Moto ukakosa hewa, ukafa. Pazia tuliliangusha sakafuni na kulimwagia maji. Mimi mwenyewe nilifika na ndoo mkononi, na nakiri kwamba lau ningelitangulia, maji hayo ningeliyamwaga kwenye mafuta.

“Tulikuwa na mtungi,” jirani aliniambia kesho yake tulipokwenda kumtazama yule binti hospitalini. “Miaka yote hii tulilala tukijua tuna mtungi.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nikuandikie leo, msomaji. Je, wewe nawe unalala ukijua una mtungi? Na kama unao, ni wa moto gani, na mara ya mwisho uliutazama lini?

Moto si mmoja

Watu wengi hudhani kwamba moto ni moto na mtungi ni mtungi. Sivyo. Wataalamu huugawa moto kwa kutazama kinachoungua, na kila aina wakaipa herufi. Herufi hizo utazikuta kwenye lebo ya mtungi, pamoja na vijipicha.

A ni moto wa vitu vikavu kama mbao, karatasi, nguo na magodoro. B ni wa vitu vya majimaji kama petroli, mafuta ya taa na rangi. C ni wa gesi, kama ile tunayopikia. D ni wa madini, nao hauhusu nyumba zetu sana. F ni wa mafuta ya kupikia yanayowaka ndani ya karai au sufuria.

Jihadhari hapa. Mitungi iliyotengenezwa kwa utaratibu wa Kimarekani hutumia herufi C kumaanisha moto wa umeme, na K kumaanisha mafuta ya kupikia. Kwa hivyo usiishie kwenye herufi tu, tazama na picha. Kukiwa na picha ya soketi au waya, jua ni umeme unaozungumziwa.

Kwa nini mambo haya ni muhimu? Kwa sababu dawa ya moto mmoja ni sumu kwa mwingine. Maji huzima godoro vizuri sana. Lakini ukiyamwaga kwenye mafuta yanayochemka, huzama chini kwa kuwa ni mazito kuliko mafuta, kisha hugeuka mvuke kwa ghafla. Lita moja ya maji hutoa takriban lita 1,700 za mvuke. Mvuke huo ndio unaoyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Hivyo ndivyo yule binti alivyoungua. Nayo maji ukiyarushia televisheni inayoungua ikiwa bado imechomekwa, umeme unaweza kukurudia wewe.

Uchague upi?

Mitungi mingi siku hizi ni myekundu yote, na kinachotofautisha ni utepe wa rangi au maandishi. Kwa utaratibu wa Kiingereza, unaofuatwa sana hapa kwetu, mtungi wa maji huwa mwekundu mtupu, wa povu huwa na utepe wa rangi ya maziwa, wa unga mkavu utepe wa buluu, wa gesi ya kaboni dayoksaidi utepe mweusi, na wa dawa ya majimaji ya kuzimia mafuta ya kupikia utepe wa manjano.

Kwa nyumba ya kawaida, mtungi wa unga mkavu ulioandikwa ABC ndio unaofanya kazi nyingi. Huzima vitu vikavu, petroli na gesi, na unaweza kutumiwa kwenye vyombo vya umeme. Hata hivyo una dosari zake. Unga huo hutimka chumba kizima usione mbele, hukereta koo, na huharibu redio na kompyuta. Isitoshe, kwenye karai la mafuta unaweza kuzima ndimi za moto kisha mafuta yakawaka tena, kwa sababu bado yana joto kali.

Mtungi wa kaboni dayoksaidi hauachi uchafu wowote, ndiyo maana maofisi huupenda kwa ajili ya kompyuta. Lakini usiulete jikoni ukidhani utazima karai: gesi yake hutoka kwa nguvu na inaweza kuyarusha mafuta. Tena usishike ile pembe yake nyeusi kwa mkono mtupu unapoutumia, kwani mingine hupata baridi ya kuunguza ngozi.

Mama mwenye hoteli au kibanda cha chipsi ndiye hasa anayehitaji mtungi wa utepe wa manjano. Dawa yake hufanya tabaka kama la sabuni juu ya mafuta, ikayapoza na kuyazibia hewa. Kwa jiko la nyumbani, blanketi la kuzimia moto latosha, nalo ni kitambaa maalumu kisichoungua haraka. Usipokuwa nalo, mfuniko unaoenea sufuria uwe karibu kila unapokaanga.

Kuhusu ukubwa, usidanganyike na bei. Kimtungi cha kilo moja ni cha gari, nacho huisha kwa sekunde chache tu. Cha kilo sita hukupa muda mrefu zaidi, lakini usisahau kwamba chuma chake nacho kina uzito. Kabla ya kulipa, mwambie atakayekuwa nyumbani mchana aubebe. Iwapo nyanya au msichana wa kazi hawezi kuuinua, chukua mdogo kidogo. Tazama pia alama ya ubora na tarehe, na uwaepuke wachuuzi wasioweza kukupa risiti.

Mahali pake

Wengi huuweka mtungi karibu na jiko. Hilo ni kosa. Moto ukiwaka, utalazimika kuupita ili kuufikia mtungi. Uweke njiani mwa kutokea, karibu na mlango wa jikoni au wa sebule, kishikio kikiwa usawa wa kifua cha mtu mzima. Usiufiche nyuma ya kochi wala usiutundike makoti. Usiuache kwenye jua kali. Ndani ya gari, ufunge imara mahali dereva anapoweza kuufikia, si kuutupa chini ya spea ndani ya buti.

Dakika tano kila mwezi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Chagua siku moja ya mwezi, kwa mfano unapolipa kodi ya nyumba, uukague mtungi wako.

Anza na kipimo cha presha: mshale uwe kwenye rangi ya kijani. Mtungi wa kaboni dayoksaidi hauna kipimo hicho. Huo hupimwa kwa mizani na fundi. Tazama kama pini ipo na kile kifungo chembamba cha plastiki hakijakatika. Chungulia mdomo wa mpira, kwani buibui na nyigu hupenda kujenga humo. Papasa chini ya mtungi uone kama kuna kutu. Mtungi wa unga upindue kichwa chini mara kadhaa ili unga usigandamane.

Usiujaribu kwa kuubana kidogo eti uone kama unafanya kazi. Chembe za unga hubaki kwenye vali, presha ikavuja polepole, na baada ya siku chache una gamba tupu. Mtungi uliotumiwa hata mara moja lazima ujazwe upya.

Mara moja kwa mwaka, mpe fundi aliyeidhinishwa. Hapa fungua macho, kwa maana wako wanaopangusa vumbi, wakabandika karatasi mpya ya tarehe, wakachukua pesa zako. Mwambie akueleze alichokagua na apime uzito ukiona. Mtungi wa unga kwa kawaida humwagwa na kujazwa upya kila baada ya miaka mitano, na wa kaboni dayoksaidi chuma chake hupimwa nguvu kila baada ya miaka kumi. Ikiwa wako umevuka miaka hiyo bila kufunguliwa, usiuhesabu kuwa ni mtungi.

Siku ya siku

Kwanza piga kelele watu watoke. Pili hakikisha mlango wa kutokea uko nyuma yako, si nyuma ya moto. Kisha kumbuka maneno manne: vuta, lenga, bana, fagia. Vuta pini. Simama kama mita mbili na ulenge shina la moto, si ndimi zake. Bana kishikio. Fagia kushoto na kulia huku ukisogea.

Moto wa gesi inayovuja una sheria yake: ziba gesi kwanza ukiweza kuifikia. Ukizima ndimi na gesi ikaendelea kutoka, itatanda chini sakafuni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, na cheche moja italipua chumba chote.

Tena ujue kikomo. Mtungi ni wa moto mdogo, usiozidi pipa la takataka. Usiku wa Februari 1, 2024, gesi ilipolipuka Embakasi, Nairobi, na kuteketeza nyumba za watu, hakuna mtungi wa ukutani ambao ungelifua dafu. Moto ukifika darini, moshi ukijaa au mtungi ukiisha kabla ya moto, toka. Funga mlango nyuma yako, piga simu 999 au 112 ukiwa nje, na usirudie chochote. Ndiyo maana ufunguo wa ule mlango wa chuma tunaoufunga kwa kufuli usiku lazima uwe mahali ambapo hata mtoto anapajua.

Yule binti alirudi nyumbani baada ya siku 12. Mkono unafanya kazi, ila ngozi haitarudi ilivyokuwa, na bado hapendi kusimama karibu na karai. Jirani amenunua mtungi mpya, na blanketi amelitundika kando ya mlango wa jikoni. Kila tarehe 1 huwa namsikia akimwita mumewe: “Baba, mshale uko wapi?”

Wako je, msomaji? Liweke gazeti chini kidogo, uende ukautazame. Nitakungoja.