Mafuta Kwanza, Turbo Baadaye

Petroli inayoshushwa bandarini Mombasa husafiri kwenda Nairobi chini ya ardhi, ndani ya bomba. Njia hiyo ilianza kazi mwaka 1978, ina urefu wa karibu kilomita 450, na ni ya kupanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Pampu za Changamwe, Mombasa, peke yake haziwezi kuyafikisha mafuta hayo. Ndiyo maana ndani ya Kaunti ya Taita Taveta kuna vituo vya kuyasukuma upya, kimoja Maungu na kingine Manyani, na Voi iko katikati yake. Nchi ilipohitaji lita nyingi zaidi kwa saa, haikutosha kuzidisha nguvu za pampu zilizokuwapo. Bomba jipya lililoanza kutumika mwaka 2018 lilipewa kipenyo cha inchi 20 badala ya 14, pamoja na pampu zake.

Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi ndani ya Subaru yenye turbo inayotoka Voi ikipanda kupitia Mwatate hadi Wundanyi. Anayetaka nguvu zaidi lazima apeleke mafuta zaidi, na kuyapeleka kunahitaji njia nzima iliyo tayari, kuanzia tangi hadi injekta. Magari ya aina hii ni mengi nchini, mengi yakiwa yametumika Japani kabla ya kuletwa kwetu, na vijana wanaoyanunua hawakawii kutaka yaongezwe kasi. Wengi huanza kwa kuongeza msukumo wa turbo kwa sababu ndiyo kazi rahisi. Gari linaruka, mwenyewe anafurahi, na baada ya muda injini inafunguliwa gereji. Nimeyaandika haya kwa sababu hasara hiyo inaepukika, na sayansi ya kuiepuka inajulikana tangu zamani.

Turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moshi wa eksozi huzungusha ya kwanza, na ya pili hushindilia hewa ndani ya injini. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Mwaka 1918 Sanford Moss wa kampuni ya General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak nchini Marekani, kiasi cha mita 4,300 juu ya bahari. Injini iliyotoa nguvu za farasi 350 kule bondeni ilitoa 230 tu mlimani, kwa kuwa hewa ya huko ni nyepesi. Ilipofungwa turbo ilitoa 356.

Sisi Wakenya tuliyaona matunda ya kazi hiyo katika Safari Rally, ambayo katika enzi zake za zamani ilipita hadi kwenye Milima ya Taita. Björn Waldegård alishinda mwaka 1984 kwa Toyota Celica yenye turbo. Mkenya mwenzetu Ian Duncan alishinda mwaka 1994, naye kwa Celica ya turbo. Mwaka 1997 Colin McRae alileta ushindi kwa Subaru Impreza. Mapenzi ya magari haya yana mizizi, na sioni sababu ya kuyabeza. Naomba tu yaambatane na hesabu.

Hesabu yenyewe inaanza hivi. Ili kilo moja ya petroli iungue yote bila kubakiza hewa, inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Injini ya turbo ikikanyagwa hadi mwisho huhitaji mafuta mengi kuliko hapo, yaani kilo moja kwa kila kilo 11.5 hadi 12 za hewa. Ziada hiyo ina kazi yake. Petroli inapogeuka kuwa mvuke hunyonya joto, na joto hilo likiondoka silinda hupona. Kwa hiyo ukiongeza hewa kwa robo, mafuta nayo lazima yaongezeke kwa robo papo hapo. Yakichelewa au yakipungua, injini inaungua kwa mchanganyiko mkavu wakati ambao imebebeshwa mzigo mkubwa kabisa.

Swali ni kama pampu iliyotoka na gari itaweza. Kwenye Subaru nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, pampu ya umeme hukaa ndani ya tangi na kusukuma petroli hadi kwenye reli ya injekta. Hapo regyuleta hulinda tofauti ya takriban baa 3 kati ya shinikizo la mafuta na lile la hewa inayoingia kwenye silinda. Turbo ikisukuma hewa kwa baa 1, mafuta yanapaswa kupanda hadi baa 4, la sivyo hewa hiyo itayazuia yasitoke. Tatizo ni kwamba pampu yoyote ya namna hii hupunguza lita zake kadiri shinikizo inalopambana nalo linavyopanda. Injini inadai mafuta mengi zaidi wakati ule ule ambapo pampu inatoa machache zaidi. Ukiongeza waya uliochoka wa miaka 20, umeme unaofika kwenye pampu unaweza kushuka kutoka volti 13.5 hadi 11 au 12, na pampu mpya iliyonunuliwa kwa bei kubwa ikafanya kazi ya pampu kuukuu.

Injekta nayo ina mwisho wake. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda ina milisekunde 20 tu kwa mzunguko mzima wa kazi. Ndani ya muda huo injekta ifunguke, imwage mafuta na ifunge, na watengenezaji wa injini hupendelea isizidi asilimia 80 ya nafasi hiyo. Chukua gari linalotakiwa kutoa nguvu za farasi 300. Kwa injini ya turbo, kila farasi mmoja hula karibu robo kilo ya petroli kwa saa ikikanyagwa hadi mwisho. Jumla ni kilo 75, ambazo ni karibu lita 100 kwa saa. Gawanya kwa injekta 4, kila moja inapata lita 25 kwa saa, sawa na mililita 417 kwa dakika. Ukiacha ile akiba ya asilimia 20, unahitaji injekta ya kiasi cha mililita 520 kwa dakika. Hesabu hii inafanyika kwa simu ya mkononi kabla hata senti moja haijatumika.

Sasa tazama kinachotokea mafuta yakipungua, hasa katika joto letu. Mchana wa Voi wa nyuzijoto 35, hewa ikishindiliwa na turbo hadi mara mbili ya shinikizo lake hutoka ikiwa imezidi nyuzijoto 120. Intakula huipoza, lakini gari linalopanda polepole nyuma ya lori kwenye kona za Wundanyi halipati upepo wa kutosha wa kusaidia kazi hiyo. Hewa hiyo ya moto ikiingia kwenye silinda yenye mafuta machache, mchanganyiko ulio pembeni hulipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Injini inagonga. Harry Ricardo, mhandisi Mwingereza, ndiye mmoja wa waliothibitisha mapema katika karne ya 20 kwamba kishindo hicho kinatoka kwenye gesi ile ya mwisho, wala si mchanganyiko kuwaka kabla ya cheche ya plagi kama wengi walivyodhani.

Ukiishika mkononi pistoni iliyotolewa kwenye injini iliyogonga hivyo, hutahitaji kusimuliwa. Ule ukuta mwembamba wa aluminiamu kati ya ringi ya kwanza na ya pili umekatika, na kipande cha ukubwa wa ukucha hakipo. Ukingo wa juu umechimbika vishimo. Kwenye kaure nyeupe ya plagi utaona vitone vidogo vinavyong'aa, navyo ni aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka na kurukia hapo. Kipande kilichovunjika kimeshakwaruza silinda kutoka juu hadi chini.

Ubora wa petroli unaingia hapa. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi chini ya Charles Kettering huko General Motors, aligundua kwamba madini ya risasi kidogo kwenye petroli huzuia kugonga. Mwaka 1926 Graham Edgar akatunga kipimo cha okteni, ambacho hueleza jinsi petroli inavyostahimili kushindiliwa bila kujilipukia. Risasi ilisaidia injini lakini iliwadhuru watu, watoto zaidi ya wote. Kenya iliachana nayo mwaka 2006, na Agosti 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu Nairobi, lilitangaza kwamba hakuna nchi tena inayoiuza kwa magari. Siku hizi okteni hutokana na ustadi wa kusafisha na kuchanganya mafuta, na ustadi huo huharibiwa na mtu mmoja mwenye mtungi wa mafuta ya taa. Mafuta ya taa yana okteni ndogo mno. Septemba 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 18 kwa kila lita yake ili kuua faida ya wachanganyaji, na EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, hupima mafuta vituoni. Mwenye turbo ajaze kwenye kituo anachokiamini, tena asisubiri taa ya tangi iwake. Petroli ndiyo inayoipoza pampu, na mlimani mafuta machache yaliyobaki hukimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa.

Fundi makini huanza kwa kupima. Hutoa gari nje, mbali na moto wowote, akaweka kizimamoto karibu. Huchomoa mpira unaorudisha mafuta kwenye tangi na kuuelekeza kwenye chombo chenye alama za lita. Huiwasha pampu ya mafuta, akaibana regyuleta kwa pampu ya mkono hadi geji isome baa 4, kisha hukinga mafuta yanayotoka kwa sekunde 30. Ikitoka lita moja, pampu hiyo inatoa lita 120 kwa saa kwa shinikizo hilo, na gari letu la farasi 300 linatosheka kwa akiba ya wastani. Ikitoka nusu lita, mazungumzo ya kuongeza msukumo yafungwe hapo hapo.

Kazi yenyewe ina mpangilio. Badilisha filta, kisha pampu, na uipe pampu waya mpya mnene wenye relei na fyuzi yake. Fuata injekta zenye ukubwa uliopigiwa hesabu. Baada ya hapo kompyuta ya gari iandikwe upya, kwa maana haijui kuwa injekta zimebadilishwa na itamwaga mafuta kwa mazoea ya zile za zamani. Fundi aendeshe huku akisoma sensa ya oksijeni yenye upeo mpana, inayoonyesha uwiano wa hewa na mafuta wakati wa mzigo. Turbo iguswe mwisho, kidogo kidogo.

Kuna jambo moja ambalo sitalilegeza. Mipira ya mafuta iwe ile iliyotengenezwa kwa petroli ya shinikizo, pamoja na klempu zake. Mpira wa maji au wa dizeli ya kawaida hupasuka, na petroli ya baa 4 ikirukia turbo iliyo nyekundu kwa moto, haitakuwa tena habari ya pistoni bali ya maisha ya waliomo ndani.

Ndugu mwenye gari, ukiwa na fedha za kufanya jambo moja tu mwaka huu, zitumie kwenye pampu, waya na vipimo, na uiache turbo kama ilivyotoka kiwandani. Fundi akikuahidi nguvu za farasi bila kukuonyesha geji ya mafuta, chukua ufunguo wako uondoke.