Ojukheon: Nyumba Iliyogeuzwa Mahali pa Kumbukumbu

Mjini Gangneung, mashariki mwa Korea Kusini, ipo Ojukheon, mojawapo ya nyumba za mbao za kuishi zilizo kongwe zaidi nchini humo. Hapa alizaliwa mchoraji Shin Saimdang mwaka 1504, na hapa, mwaka 1536, akamzaa Yi I, maarufu kama Yulgok, mwanachuoni mkubwa wa mafundisho ya Confucius. Leo mama na mwana wote wamo kwenye noti za Korea, na wageni humiminika kutoa heshima zao.

Wanachokikuta ni jengo dogo: nafasi tatu kati ya nguzo na nguzo kwa mbele, mbili kwa ubavuni. Ukitazama kwa mbele, nafasi mbili za kushoto ni ukumbi wa sakafu ya mbao iliyoinuliwa ili hewa ipite chini yake wakati wa joto. Iliyobaki, upande wa kulia, ni chumba cha majira ya baridi. Moto wake huwashwa nje. Moshi hupita chini ya sakafu ya mawe bapa, nayo mawe hushika joto hadi usiku. Ndicho chumba alimozaliwa Yulgok.

Sehemu kubwa ya ukumbi haina dari, hivyo boriti na mapao yako wazi. Juu ya nguzo kuna vipande vya mbao vilivyochongwa mfano wa bawa, vinavyosaidia kupokea uzito wa paa la vigae. Mtindo huo ulienea sana katika enzi ya Joseon. Ojukheon inaonyesha hatua zake za mwanzo, ndiyo maana wataalamu wa usanifu wanaithamini hata mbali na jina la Yulgok.

Nyumba hii ilirithiwa kupitia mabinti: kutoka ukoo wa Choe ikaenda kwa mkwe wa ukoo wa Yi, kisha kwa baba yake Saimdang, hatimaye ikamfikia Kwon Cheo-gyun, mtoto wa mama mdogo wa Yulgok. Ndiye aliyeipa jina, kutokana na mianzi myeusi iliyoizunguka.

Mwaka 1975 serikali ilipanga upya eneo hilo na kujenga Munseongsa, hekalu dogo lenye picha ya Yulgok. Jengo lililohifadhi jiwe lake la kusagia wino tangu zama za Mfalme Jeongjo lilihamishwa kulipisha.

Heshima hiyo ilistahili, lakini ilikuwa na gharama. Ojukheon haikuwa nyumba nzima. Ilikuwa jengo la pembeni la kaya kubwa. Uwanja mpana wa leo unaitenga na kuifanya ionekane kama mnara wa kumbukumbu. Kwa hiyo mgeni asiishie kuinama mbele ya picha. Atazame mahali pa kuwashia moto, aone jinsi ukumbi unavyopakana na chumba, awafikirie wanawake walioilinda kizazi baada ya kizazi. Yulgok hakulelewa na hekalu. Alilelewa na kaya, na jengo hili ndilo ushahidi wake.